Herufi za Mjomba Zinapungua

14 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya huyu mjukuu wako ambaye hajui kusema ila kupiga kelele anajua. Tuko wazima. Ana miezi saba, hana hata jino moja, na anatafuna kila anachokishika mpaka mkanda wa mkoba wangu. Baba yake amempa jina la Bibi Kibogoyo. Baba mwenyewe yuko njiani na lori, atarudi mwisho wa wiki, kwa hiyo naandika kwa mkono mmoja na wa pili umembeba mtoto. Mistari ikipinda usinihukumu.

Najua utanihukumu. Barua yangu ya mwisho umenirudishia na penseli nyekundu kama kawaida yako: tumbo la "a" limebonyea, mkia wa "g" umelegea. Mume wangu aliiona akauliza kama nimerudi shule. Nikamwambia hayo ndiyo masharti ya mjomba. Nilipoondoka kwako tulikubaliana simu ni ya msiba na harusi tu, mengine yote kwa kalamu, ili mkono ulionifundisha usiharibike.

Sasa habari yenyewe. Nimepandishwa kazi. Siyo cheo cha kujipiga kifua, lakini nimetoka kwenye beseni. Unajua mwaka mzima pale maabara nilikuwa naosha vyombo vya kioo tu, nasuuza mara saba, naanika. Wiki iliyopita msichana anayelisha seli aliugua, na Daktari, yule mama mkuu wa maabara, akaniambia nishike pipeti nijaribu. Pipeti ni mrija mwembamba wa kunyonyea maji, unatoa tone moja moja. Nikatoa matone ishirini na manne kwenye visahani ishirini na vinne, hakuna hata moja lililotetemeka. Akaniuliza, "Umejifunza wapi?" Nikasema nimelelewa na mwandika mabango.

Akacheka, lakini ni kweli. Mkono huu ni wako. Nilikuwa na miaka sita nikikushikia uzi wa chaki upande wa pili wa bati, unauvuta unauachia, pap, mstari mweupe umenyooka. Nikiwa na minane ukaniachia nijaze matumbo ya herufi. Ukanipa fimbo ile ya kuegemeza mkono na kuniambia nisibane pumzi, niitoe polepole brashi ikiteremka. Hivyo hivyo ndivyo ninavyolisha seli.

Ni seli za neva, za panya, zile zinazopeleka habari mwilini kwamba moto unaunguza na mguu unyanyuke. Zinakaa kwenye kabati la joto, ndani ya chakula cha majimaji cha rangi ya waridi. Ukizitazama kwenye hadubini zina vikono virefu vyembamba vinavyotafutana mpaka vinashikana. Siku ya kwanza nilipoviona nilisahau kwamba nina usingizi.

Kitu kimoja nikuulize. Barua yako ya mwisho ilikuwa nusu karatasi, na zamani ulikuwa unajaza tatu. Na herufi zimebanana kama watu kwenye foleni. Karatasi zimeadimika huko?

Mpwa wako,
Chaki


3 Februari

Chaki,

Marahaba, na huyo Bibi Kibogoyo mwambie babu yake naye amebakiza meno ya kuhesabika, tutatafuna mikanda pamoja.

Nimefurahi kwa kazi yako. Nimemsomea Fundi Cherehani wa chumba cha pili. Akasema, "Kumbe kijana wako analisha vitu visivyo na midomo." Nikamwambia hata yeye anavisha wateja wasio na viuno. Tumenuniana mpaka saa ya chai.

Karatasi zipo. Nabana herufi kwa sababu ya miwani, hii mpya inakuza mno, kwa hiyo nikiandika ndogo naiona kubwa. Usihangaike.

Ulivyoandika kuhusu uzi wa chaki umenirudisha mbali. Unalikumbuka bango la duka la mikate? Lilikuwa refu kuliko wewe mara tatu. Tulilikwangua siku mbili, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ukaniuliza kwa nini tunapaka na mgongo wa bati wakati hakuna atakayeuona. Nikakujibu kutu haianzi pale watu wanapotazama. Ulikuwa na swali kila dakika. Sasa hapa barazani ni kimya, nasikia cherehani tu.

Kazi zipo kidogo. Watu wanachapisha mabango kwa mashine, yanatoka asubuhi yamekauka kabisa. Kwa zile zinazobaki nimeanza kutumia stensili, napaka juu ya herufi zilizokwisha katwa, inakwenda haraka.

Barua yako naiambatisha. "g" imepata nguvu. Tazama "k", mguu wake unateleza.

Mjomba


1 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto ameota jino, moja la chini, na analitumia. Aliyekuwa na jina la Kibogoyo sasa ananiuma wakati wa kunyonya halafu ananitazama aone nitasema nini. Baba yake alikuwepo siku tatu akalala mbili. Mimi nipo, mwili umechoka lakini unakwenda.

Stensili, Mjomba? Wewe? Wewe uliyeniambia stensili ni ya magunia? Nimelisoma hilo neno mara mbili. Na miwani mpya nimeielewa, lakini ulisema inakuza. Mtu akikuziwa herufi si angeandika vilevile tu, sanasana aone raha? Haya, nimeuliza, sitarudia leo.

Unataka kujua tunafanya nini na seli. Nitakuambia nilivyoelewa mimi, niliyeishia kidato cha nne. Kila seli inatumia oksijeni kama jiko linavyotumia moto. Jiko lolote linatoa cheche. Ndani ya seli kuna vizimia cheche, na siku za kawaida vinatosha. Cheche zikizidi, zinaanza kuunguza nyumba yenyewe: ngozi ya seli, mashine zake za nguvu, hata maandishi ya urithi yaliyo katikati. Daktari anaita msongo wa oksidi. Mimi nilimwambia, "Yaani kutu." Akafikiri akasema, "Siyo kutu, lakini ni ndugu wa kutu." Seli za neva ndizo zinaumia zaidi kwa sababu zinakula oksijeni nyingi, na zikifa hazizai nyingine.

Basi tunazitesa makusudi. Tunatia tone la dawa ile ya kidonda inayotoa povu, dogo sana, tunazitazama. Kwanza vikono vinapata vinundu, vinakuwa kama shanga kwenye uzi. Halafu vinakatika. Halafu vinarudi nyuma kuelekea tumboni mwa seli, mpaka ile iliyokuwa imenyoosha mikono chumba kizima inakuwa kidonge. Kazi yangu ya mchana ni kupima kwenye picha, kwa milimita, urefu wa kila kikono. Visahani vingine Daktari anavitia unga mweupe kwanza, unaosaidia kuzima cheche, na vile vikono vinadumu. Hiyo ndiyo furaha ya maabara siku hizi.

Lakini kuna jambo. Kila jaribio lina visahani ambavyo hatuvitii chochote, vya kulinganishia. Hivyo vinatakiwa viwe vizima. Tangu mwezi uliopita navyo vinapata shanga. Daktari amerudia mara tatu. Amebadilisha dawa, amepima joto la kabati, anakaa na kichwa mikononi. Na mimi nadhani najua.

Saa nne asubuhi ninakwenda stoo kukamua maziwa ya mtoto. Chupa ya chakula cha seli ninaiacha mezani dirishani, jua linaipiga. Nikirudi naendelea kulisha. Msichana wa zamani hakuwa na mtoto, hakuwa na sababu ya kuiacha. Sijui kama ndilo kosa. Sijamwambia mtu. Niambie wewe.

Chaki


22 Machi

Chaki,

Marahaba. Hongera ya jino.

Nyamaza. Huna uhakika. Kazi ni ngumu kupatikana na una mtoto. Acha tu kuiweka chupa dirishani, mambo yatakaa sawa, hakuna atakayejua.

Fundi Cherehani anakusalimu. Barua yako sikuirudisha, penseli nyekundu imepotea.

Mkono umechoka leo, kulikuwa na kazi.

Mjomba


5 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na kanga begani, nikakaa chini. Mistari minane. Nikasema, huyu siye.

Nilikuwa na miaka tisa, umeandika bango jeupe la zahanati, umeliacha likauke. Nikapita na kopo la nyekundu nikadondosha tone kwenye nyeupe. Nikalifuta kwa kidole, likawa doa la waridi, nikalifunika kwa chaki. Ulipoligundua hukunichapa. Ulinishika mkono tukaenda mpaka kwa mganga wa zahanati, ukagonga mlango, ukasema, "Huyu ana neno." Nililia njia nzima. Tukalipaka upya, mimi nikikoroga rangi. Mtu yule hawezi kuniandikia "nyamaza."

Basi nimemwambia Daktari. Nilimkuta anaosha mikono.

"Daktari, chupa ya chakula nimekuwa naiacha dirishani."

Hakugeuka. "Kwa muda gani?"

"Nusu saa. Siku nyingine zaidi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nakwenda kukamua maziwa stoo."

Hapo ndipo akageuka. "Stoo ipi? Ya ndoo na mafagio?"

"Ndiyo."

Alifunga bomba akakaa. Akanieleza kwamba ndani ya kile chakula kuna vitamini ambayo ikipigwa na mwanga inaamsha cheche, na chakula chenyewe kinatengeneza dawa ileile ya povu tunayotumia kuzitesa. Yaani nilikuwa nazilisha na kuzinywesha sumu kwa mrija mmoja, kwa mkono usiotetemeka. Wiki saba za kazi ya watu. Nilisubiri anifukuze. Akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza ningekasirika siku moja." Siku iliyofuata nilikuta kiti cha kukamulia kwenye chumba kidogo cha makabrasha, na ufunguo mlangoni. Chupa sasa inavaa karatasi ya alumini ya kuzuia mwanga kutoka shingo mpaka chini. Visahani vya kulinganisha vimepona. Nina aibu bado, lakini nalala.

Sasa wewe, Mjomba.

Jumapili mtoto alipolala nilitoa barua zako zote kwenye kopo la biskuti nikazipanga sakafuni. Nikachukua rula ya kazini. Nimepima herufi "h", kwa sababu inasimama. Barua ya kwanza kabisa uliyoniletea, mwaka juzi: milimita tisa. Mwaka jana wakati kama huu: saba. Februari: nne. Machi: tatu mwanzo wa mstari, na ukifika mwisho wa mstari, mbili. Miwani haifanyi hivyo. Miwani haianzi na tatu ikamaliza na mbili.

Nimekaa miezi mitatu natazama vikono vikirudi nyuma. Siwezi kujifanya sijui kupima.

Mkono wako una nini? Unatetemeka? Unakuwa mzito? Tangu lini? Sitamwambia mtu usipotaka, lakini mimi uniambie. Unakumbuka nilivyolia njiani, na tulipofika ukanishikia mkono mpaka nikamaliza kusema. Nakushikia.

Chaki


30 Mei

Mpwa,

Mjomba wako anasema marahaba, na anauliza hali ya mtoto na ya baba mtoto. Anasema yeye ni mzima, ila shughuli zilimzidi ndiyo maana wiki nyingi zimepita. Anasema mwandiko huu ni wangu, Fundi Cherehani, kwa kuwa kalamu yake imeisha wino.

Anasema hivi: ana rafiki yake, fundi mwenzake wa zamani, mkono wake wa kulia unatetemeka ukiwa umepumzika, na miguu asubuhi haitaki kuondoka. Rafiki huyo hataki hospitali kwa sababu wateja wakisikia mwandika mabango anatetemeka hawatarudi. Sasa anaomba, ule unga mweupe unaozuia shanga, je, unaweza kutia kidogo kwenye karatasi ukautuma na barua? Kijiko kimoja cha chai tu. Hakuna atakayejua. Rafiki atashukuru sana.

Anasema pia bango la duka la mikate limeshushwa, wamelipeleka kwa wanunua vyuma. Alikwenda kulitazama. Anasema mgongo wake bado ni mwekundu, hauna kutu hata sehemu moja, na aliugusa.

Hapo ndipo alipoishia. Sasa naongeza ya kwangu bila ruhusa, ametoka kwenda kununua wino anaosema umeisha na huku chupa naiona imejaa dirishani. Hakuna rafiki. Mwanamke mwenzangu, nimeshona miaka ishirini na mbili ukutani kwake, najua sauti ya brashi yake kwenye bati. Tangu mwaka jana brashi inagonga. Vifungo vya shati namfungia mimi, tunajifanya ni utani. Bango la shule wamelirudisha. Barua yako ya rula ameiweka chini ya godoro, akiwa peke yake anaitoa. Mimi hanisikilizi, ananiita mashine yenye mdomo. Wewe atakusikia.

Fundi Cherehani


12 Juni

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mtoto anasimama akishika kiti, anasimama na kuanguka siku nzima, hachoki. Baba yake yuko nyumbani wiki hii, amemchukua nje ili niandike kwa mikono yote miwili. Nina mambo mawili, la kwanza ni gumu kulisema, naanza nalo.

Mwambie rafiki yako sitatuma unga.

Nilijua ulipo. Kabati la pili, chupa ya kahawia. Nina ufunguo. Nilisimama mbele yake, Mjomba, siku niliyopata barua, na nilikuwa na karatasi mfukoni nimeshaikunja. Sikuogopa wizi. Kwa ajili yako ningeiba nikaenda kugonga mlango baadaye. Nilichoogopa ni kile nilichokiona kwa macho yangu. Unga ule tukiuzidisha kidogo, kidogo kuliko chembe ya chumvi, seli zinakufa haraka kuliko zile zisizopewa kitu. Na seli zenyewe ziko uchi ndani ya sahani, hazina tumbo, hazina ini, hazina damu, hazili wala hazitembei. Nilimwuliza Daktari, nikamwambia ni rafiki wa mjomba, na yeye akajifanya ameamini. Akasema, "Mara nyingi kinachookoa sahani hakimwokoi mtu. Tumeshajidanganya sana hapo." Umesahau mimi niliziua kwa vitamini? Kitu cha kuzilisha, jua kidogo tu, kikawa sumu. Sitakufanya wewe kisahani cha kujaribia.

Na kama rafiki yako anajiuliza ni rangi ndiyo iliyomfanya hivi, zile alizovuta harufu zake miaka yote, au ni cheche hizi ninazoandika, au ni bahati tu, jibu ni kwamba sijui. Daktari naye anasema yeye hajui. Tunajua seli zinavyoumia kwenye sahani. Kutoka hapo mpaka kwenye bega la mtu kuna safari ndefu na watu bado wako njiani. Nisingependa kukudanganya ili ulale vizuri.

La pili. Wapo madaktari wa neva, na zipo dawa ambazo watu wamezimeza miaka mingi zikajulikana zinafanya nini. Haziponyi, lakini zinalegeza mkono. Kwa hiyo sikiliza. Barua yako ijayo nataka iwe na neno la daktari ndani yake. Ikiwa haina, sitajibu kwa kalamu. Nitamfunga mtoto mgongoni nije mwenyewe, na huyu sasa ana meno manne.

Wateja watasema. Waache waseme. Wewe ndiye uliyeniambia kutu haianzi pale watu wanapotazama, halafu ukakaa umefunika mgongo wako mwaka mzima. Mimi sina baba, nina wewe. Herufi hata zikiwa za milimita moja nitazisoma kwa hadubini, kazini tunayo nzuri. Ila usiniandikie tena kwa wino ulioisha na chupa imejaa.

Mwambie Fundi Cherehani asante. Usimkaripie.

Wako,
Chaki


20 Agosti

Chaki mwanangu,

Marahaba. Ni mimi, kwa kalamu yangu. Ukiona wino umetiririka hapo juu ni kwa sababu nilianza upesi.

Nilikwenda. Nilikwenda Julai mara ya kwanza nikarudia getini, nikamwambia Fundi Cherehani daktari hayupo. Akanitazama tu akaendelea kukanyaga cherehani. Kesho yake alifunga chumba chake, akavaa viatu vya kutokea, akasimama mlangoni kwangu. Mtu asiyenyamaza miaka ishirini na mbili akinyamaza, unatembea.

Daktari wa neva ni kijana, angeweza kuwa mwanangu. Aligongagonga magoti, akanitembeza ukumbini huku na huku, akasema mkono wa kulia hauendi na mwili. Akaniambia nigonge kidole gumba na cha shahada harakaharaka. Vilianza vizuri halafu vikawa vinapungua, vidogo, vidogo, mpaka vikasimama. Nilivitazama kama vidole vya mtu mwingine. Kisha akanipa karatasi nichore mzunguko kama nyumba ya konokono. Chaki, mimi nimechora mizunguko hiyo kwenye saluni zote za mtaa ule wa juu, bila penseli. Ilitoka imekunjamana kama kamba iliyolowa. Nikamwambia, "Kalamu yako mbaya." Akasema, "Jaribu hii." Ilikuwa vilevile. Fundi Cherehani alikuwa pembeni, kwa mara ya kwanza hakutoa utani, akatazama dirishani.

Ni ugonjwa wa kutetemeka, wanauita Parkinson. Nikamwuliza ni rangi? Akasema hawezi kujua. Nikampenda kwa hilo, nikakumbuka barua yako. Akasema seli fulani za kichwani zinakufa taratibu, zilianza zamani kabla mkono haujasema. Nikamwambia najua, zinapata shanga, zinarudisha mikono tumboni. Akaacha kuandika. "Nani amekueleza?" Nikasema binti yangu anazilisha. Akasema hakuna anayejua kama za kwangu zilipita njia hiyohiyo, lakini nimesema vizuri.

Nisamehe kwa "nyamaza". Nilipoandika hilo sikuwa nakujibu wewe. Nilikuwa mwaka mzima nakunja mkono huu mfukoni nikizungumza na wateja, na nikaona mtu mwingine anataka kugonga mlango, nikaogopa utaniacha peke yangu nyuma ya mlango wangu. Kuna jingine pia. Mkono huu ndio niliokupa. Mama yako alipofariki sikuwa na kingine. Niliona nikisema umeharibika, ni kama kukuambia hata kile kidogo nilichokupa kilikuwa na kasoro. Najua ni upumbavu. Mkono wako unalisha visahani ishirini na vinne.

Na unga, ulifanya vizuri kuninyima. Nilikasirika siku mbili. Nilisema mtoto amesoma akanisahau. Siku ya tatu nikaisoma tena pale uliposema ulikuwa na karatasi umeshaikunja, nikaiweka barua, nikaenda kunawa uso.

Wamenipa vidonge. Naanza kidogokidogo, mara tatu kwa siku, na kichefuchefu kinanisumbua. Haviponyi, kama ulivyosema. Lakini asubuhi, kidonge cha kwanza kikishashuka, kuna muda mkono unaniacha huru. Siyo wote, bega bado ni zito, ila vidole vinanitii. Siku nyingine saa nzima, siku nyingine mbili. Ukifika, naujua kama mtu anavyojua mvua imekata juu ya bati: unasikia kimya.

Hapa ukutani lipo bango la kinyozi, linasubiri tangu Jumatatu. Mwenyewe nimemweleza hali yangu yote, nikamwambia kama hataki aende kwa wa mashine. Akasema atasubiri. Leo kidonge kilipofanya kazi Fundi Cherehani akachungulia akasema, "Mkono umetulia, mbona hushiki brashi?" Nikamwambia kinyozi ni wa kesho. Saa ya leo nampa binti yangu.

Kwa hiyo ndiyo hii, karatasi mbili na nusu, sijakuandikia ndefu hivi siku nyingi. Nilitaka kukueleza pia habari za mti wa uani, na za yule mpangaji mpya mwenye tarumbeta, na kukuuliza mtoto ameshapiga hatua au bado anashika kiti. Ila naona muda unakwisha, maneno yameanza kusogeleana. Fundi Cherehani anasema nimpe kalamu amalizie. Nimemkatalia. Naacha hapa, wakati bado ni mimi ninayeandika.

Mjomba wako